Hita ya maji katika nyumba ya zamani: idhibiti kabla ya kununua nyingine

Kuanzia Juni hadi Agosti, maji ya bombani Njombe, Makete au Lushoto hayashikiki asubuhi. Ndiyo maana majengo mengi ya zamani ya nyanda za juu, yaani nyumba za misheni, kota za watumishi, mabweni ya shule, zahanati na nyumba za wageni, yana aina fulani ya hita ya maji. Mengi hayakujengwa na hita hiyo. Yalijengwa yakiwa na pipa la kuni nyuma ya jiko, na hita ya umeme ikaja miaka mingi baadaye, ikaungwa kwenye mabomba yaleyale na nyaya zilezile.

Matokeo yanajulikana. Uniti zinakwisha kabla ya wakati wake, wapangaji wanaochangia LUKU moja wananuniana, maji ya moto yanafika bafuni baada ya ndoo nzima ya maji baridi kumwagika, na mtu wa mwisho kuoga anakuta tangi limepoa. Hapo uamuzi wa haraka huwa ni kununua hita mpya, kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hiyo inapotea, kwa sababu tatizo haliko kwenye hita. Liko kwenye vitu vidogo vinavyoiongoza: inawaka saa ngapi, inapasha hadi nyuzi ngapi, joto linatorokea wapi njiani, na ni nini kinachoizuia isilipuke au kumpiga mtu shoti.

Makala haya yanahusu zaidi hita ya tangi ya umeme, ile ya lita 30 hadi 150 inayotundikwa ukutani au kuwekwa darini. Hita ya jua na boila ya kuni tutazigusa mwishoni, kwani kanuni ni zilezile.

Jua kwanza una mfumo gani

Panda darini au zunguka nyuma ya nyumba ukafuate mabomba. Kuna mifumo miwili. Wa kwanza ni ule wa wazi: juu kabisa kuna tangi la maji baridi, maji yanashuka kwenye hita, na kutoka kwenye hita kuna bomba moja linalopanda na kupinda juu ya tangi la maji baridi, mdomo wake ukiwa wazi. Bomba hilo ndilo pumzi ya mfumo. Wa pili ni ule wa kufungwa: maji yanaingia kwenye hita kwa presha, hakuna bomba la pumzi, na mahali pake kuna vali ndogo ya shaba karibu na maji yanapoingilia. Hiyo ndiyo vali ya usalama.

Usianze kubadilisha chochote kabla hujajua una upi kati ya hiyo miwili. Majengo ambayo yameshapitiwa na mafundi wanne au watano yana kawaida ya kuwa nusu huu na nusu ule, na humo ndimo hatari inamojificha.

Pima hasara kwa mita uliyo nayo

Mita ya LUKU, au ya tokeni kwa wenzetu wa Kenya, ni chombo kizuri cha kupimia hita. Watu wakishamaliza kuoga usiku, subiri hadi taa ya hita izimike yenyewe, maana yake tangi limefika joto lake. Zima taa zote na vifaa vingine vyote, uache hita peke yake. Andika uniti zilizobaki na saa. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua koki ya maji ya moto, subiri tena taa ya hita iwe imezimika, kisha andika uniti. Tofauti ya namba hizo mbili ni umeme uliotumika kulipasha tangi ambalo hakuna aliyelitumia. Ni joto lililotoroka kupitia ukuta wa tangi na mabomba.

Kwenye zahanati kipimo hiki hakifai kufanywa hivyo, kwa sababu friji ya chanjo haizimwi kwa ajili ya majaribio. Hapo fundi umeme aweke mita ndogo kwenye njia ya hita peke yake. Hata nyumba ya wageni inafaa kuwa nayo, kwani inamaliza ubishi wa nani anakula umeme.

Tuchukue mfano ili hesabu ieleweke. Tangi ni la lita 80, maji yanaingia yakiwa na nyuzi 15 na yanapashwa hadi nyuzi 60. Kazi hiyo inahitaji karibu uniti 4.2, na koili ya kilowati 2 itaimaliza kwa saa mbili na dakika chache. Tuseme kipimo chako cha usiku kimeonyesha uniti 1.2 kwa saa 8. Hiyo ni uniti 0.15 kila saa, au 3.6 kwa siku nzima, zaidi ya 100 kwa mwezi, bila mtu kuoga. Zidisha kwa bei ya uniti moja unayolipa, upate hasara yako kwa shilingi. Namba za nyumbani kwako zitakuwa tofauti, lakini hesabu inakwenda hivyohivyo.

Je, ni nafuu kuiacha hita ikiwaka muda wote?

Swali hili halikosi kwenye mazungumzo ya LUKU, na majibu yake yamejaa imani. Wako wanaosema kwamba kuzima na kuwasha kunakula umeme zaidi, kwa sababu hita inaanza upya na maji baridi. Wako wanaosema zima kila mara na utaokoa nusu ya gharama. Wote wawili wanakosea, na inafaa kuona ni wapi.

Tangi linapoteza joto kwa kadiri linavyozidi hewa iliyolizunguka. Likiwa na nyuzi 60 katika dari lenye nyuzi 15, linapoteza haraka. Likishuka hadi 40, linapoteza polepole. Kwa hiyo tangi lililozimwa haliwezi kupoteza joto zaidi ya tangi linalowashwa kila mara ili libaki 60. Kuzima hakuongezi matumizi hata siku moja.

Lakini kuzima tangi lililojaa maji ya moto hakuokoi sana pia. Katika mfano wetu, ukilizima kwa saa 8 likiwa limejaa maji ya nyuzi 60, asubuhi utalikuta na nyuzi 49 hivi. Joto lililotoroka lenyewe ni karibu uniti 1 badala ya 1.2. Umeokoa chini ya robo uniti. Ndiyo maana watu huzima hita usiku kwa mwezi mzima, wasione tofauti kwenye LUKU, wakakata tamaa.

Faida iko mahali pengine. Familia ikioga saa moja hadi saa tatu usiku, maji ya moto yanatoka na maji baridi yanaingia kuchukua nafasi yake. Hita isiyodhibitiwa inaanza papo hapo kupasha maji hayo mapya, inamaliza saa tano usiku, kisha inayalinda yasipoe usiku kucha na mchana kutwa, hadi kesho jioni mtu atakapoyahitaji. Ukiizima mara tu mtu wa mwisho anapotoka bafuni, tangi linabaki na maji baridi, na maji baridi hayana joto la kupoteza. Ukiiwasha kesho saa kumi jioni, kufikia saa moja maji yako tayari. Katika mfano wetu, hapo unaokoa karibu uniti 2.8 kati ya zile 3.6 za kila siku.

Kwa hiyo pasha kabla ya kutumia, usipashe baada ya kutumia. Nyumba ya wageni yenye vyumba vinavyokaa vitupu siku tatu nne inaokoa zaidi, kwani tangi la chumba kisicho na mgeni halina sababu ya kuwa na moto hata kidogo. Kwa upande mwingine, wodi ya wazazi ambako maji ya moto yanahitajika saa yoyote haipati faida kubwa kutokana na kuzima. Huko fedha iende kwenye kulifunika tangi na mabomba.

Saa ya kuwashia

Kuzima kwa mkono kunafanya kazi kwa wiki mbili, kisha mtu anasahau. Taima ni bora. Iko ya kuzungusha yenye vijino pembeni, kila kijino kikiwa na dakika 15 au 30, na iko ya vitufe na kioo. Katika maeneo yenye kukatika umeme mara kwa mara, uliza kama taima ina betri ndani. Isiyo na betri inasimama umeme unapokatika, halafu inaendelea ilipoishia, na baada ya wiki mbili hita inawaka saa sita za usiku huku kila mtu akijiuliza kwa nini maji ya jioni ni baridi.

Angalia pia uwezo wake. Koili ya kilowati 3 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 13. Taima ndogo ya kuchomeka ukutani iliyoandikwa ampea 10 itayeyuka, na soketi itayeyuka nayo. Tafuta iliyoandikwa ampea 16 au zaidi. Hita kubwa kuliko hiyo inataka kontakta: taima inaamuru kontakta, na kontakta ndiyo inabeba mzigo. Hiyo ni kazi ya fundi, na itawekwa ndani ya boksi lake karibu na sakiti breka.

Weka pia swichi ya hita mahali watu wanapopita, yenye taa nyekundu inayoonekana. Katika majengo mengi ya zamani swichi iko darini au nyuma ya kabati, na hakuna anayejua kama hita inawaka au la.

Nyuzi ngapi?

Ndani ya kifuniko cha chini cha hita kuna themostati, kifaa kinachokata umeme maji yanapofika joto lililopangwa. Katika hita nyingi ni fimbo nyembamba inayoingia ndani ya tangi, ikiwa na skrubu ya kuzungusha juu yake. Kabla ya kufungua kifuniko hicho zima sakiti breka, usizime swichi peke yake, na uhakikishe kwa testa kwamba hakuna umeme.

Usiamini namba zilizoandikwa kwenye themostati iliyokaa miaka mingi. Pima mwenyewe. Hita ikishazimika, fungua koki iliyo karibu nayo kwa dakika moja, jaza kopo, tumbukiza kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 100. Kipimajoto cha homa hakifai: kinaishia nyuzi 42, na cha kioo kitapasuka.

Lengo ni nyuzi 60 ndani ya tangi. Hapa kuna mvutano wa mambo mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza ni kuungua. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Ya nyuzi 70 yanatosha sekunde 1. Ya nyuzi 49 yanahitaji dakika kadhaa. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, inaungua upesi zaidi. Themostati iliyokwama, au iliyopandishwa na mtu hadi mwisho ili maji yatoshe watu wengi, ni hatari kwa mtoto anayechezea koki.

La pili ni vijidudu. Kuna bakteria wanaoitwa lejionela, wanaozaliana kwenye maji yenye nyuzi kati ya 20 na 45 yaliyotuama. Walipata jina hilo baada ya wanachama wa chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani kuugua nimonia mwaka 1976 wakiwa kwenye mkutano wao Philadelphia. Mtu hawapati kwa kunywa maji kama ilivyo kwa kipindupindu. Huwapata kwa kuvuta mvuke na matone madogo, kama yale ya shawa. Kwenye nyuzi 60 hufa. Kwa hiyo kushusha themostati hadi 45 ili kuokoa umeme kunaleta balaa jingine, hasa palipo na wagonjwa na wazee.

Kuzima kwa taima si tatizo, mradi tangi linafika nyuzi 60 kila siku. Tatizo ni tangi lililokaa wiki kadhaa bila kutumika. Lipashe hadi nyuzi 60, liache hivyo kwa saa moja, kisha fungua madirisha na utiririshe maji ya moto kwenye kila koki na kila shawa, ukiwa umesimama mbali na matone, kabla ya mgeni kuingia.

Ili tangi liwe na 60 na mtoto asiungue, zuia joto bafuni badala ya kulizuia kwenye tangi. Vali ya kuchanganya inawekwa kabla ya shawa au beseni, inapokea maji ya moto na baridi, inatoa maji ya nyuzi 41 hivi na kukata mtiririko maji baridi yakikatika. Kwenye chumba cha kuogeshea watoto wachanga isikosekane. Pasipo na vali hiyo, iwe desturi kumimina maji baridi kwanza kwenye beseni, ndipo uongeze ya moto, kamwe isiwe kinyume chake.

Kuna jambo linalowasumbua wengi kwenye nyumba za zamani: uko chini ya shawa, mtu anafungua koki jikoni, ghafla maji yanakuwa ya moto kupindukia. Hilo hutokea kwa sababu maji baridi yanatoka bomba la barabarani kwa presha moja, na ya moto yanatoka tangi la darini kwa presha nyingine. Dawa ni kuyalisha yote mawili kutoka tangi moja. Hata vali ya kuchanganya haifanyi kazi vizuri presha zikiachana sana.

Bomba refu na nene

Mabomba ya chuma ya nyumba za zamani ni manene, na hapo zamani yalihitajika hivyo kwa sababu presha ilikuwa ndogo. Kila mita ya bomba la inchi moja inabeba zaidi ya nusu lita ya maji. Bafu likiwa mita 20 kutoka kwenye hita, karibu lita 11 za maji yaliyopoa lazima zitoke kwanza. Hiyo ni zaidi ya nusu ndoo. Ukifunga koki, lita 11 za maji ya moto zinabaki bombani zikipoa. Bomba la nusu inchi kwa umbali huohuo linabeba lita 4 tu.

Kwa hiyo kama mabomba yanabadilishwa kwa sababu ya kutu, la maji ya moto liwe jembamba kadiri presha inavyoruhusu, na lipite njia fupi. Wakati mwingine ni nafuu zaidi kuihamisha hita ikae karibu na bafu kuliko kubadilisha bomba lote. Na jengo lenye mabafu mawili yaliyo pembe tofauti linaweza kufaidika zaidi na hita mbili ndogo kuliko moja kubwa katikati.

Mabomba yanayobaki yavalishwe. Kuna mpira wa povu uliopasuliwa upande mmoja unaovikwa juu ya bomba. Anza na mita mbili za kwanza kutoka kwenye tangi, kwa sababu hizo zinakuwa za moto muda wote hata maji yasipotumika. Tangi la zamani lisilo na koti ndani linaweza kuzungushiwa blanketi nene. Acha wazi kifuniko cha umeme, themostati na vali ya usalama, wala usiviguse kwa kitambaa wala godoro.

Vali inayodondosha maji

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 yanatanuka. Lita 100 zinakuwa karibu lita 101.6. Lita hiyo moja na nusu lazima ipate pa kwenda. Kwenye mfumo wa wazi inarudi juu kwenye tangi la baridi. Kwenye mfumo wa kufungwa inatoka kidogo kidogo kwenye vali ya usalama. Kwa hiyo vali inayodondosha hita inapopasha na kuacha ikishamaliza ni nzima, inafanya kazi yake.

Mtu asiyejua anaona ni uvujaji. Anaifunga kwa plagi ya chuma, au anazungushia mpira wa tairi, na ukuta unakauka. Tangi hilo sasa ni bomu. Themostati ikikwama siku moja, maji yatapita nyuzi 100 yakiwa yamefungwa, na tangi likipasuka yanageuka mvuke mara moja. Mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Ukuta wa tofali hauwezi kulizuia hilo.

Kama udondoshaji unakera, unga mpira au bomba dogo kutoka kwenye mdomo wa vali hadi nje, likiteremka, mwisho wake ukiwa wazi na usielekee pale watu wanapopita. Vali inayodondosha usiku na mchana bila kukoma ina uchafu ndani au presha ya maji ya barabarani ni kubwa mno. Ibadilishwe, isizibwe. Na kati ya tangi na vali hiyo kusiwe na koki yoyote.

Kila baada ya miezi michache inua kile kishikio cha vali kwa sekunde mbili tatu, ukiwa umesimama pembeni, uone maji yakitoka na kusimama. Iliyokaa miaka bila kuguswa inaweza isirudi kufunga, basi uwe na nyingine mkononi kabla ya kujaribu.

Kwenye mfumo wa wazi, bomba la pumzi lisiwekwe koki wala kofia. Ukiona linamwaga maji ya moto juu ya tangi la baridi, themostati imekwama. Zima hita siku hiyohiyo, kwani tangi la plastiki la darini likilainishwa na joto linaweza kufumuka juu ya vichwa vya waliolala.

Kwenye themostati nyingi kuna pia kitufe kidogo kinachoruka joto likizidi. Kikiruka mara moja, kirudishe na uangalie. Kikiruka tena, usikirudishe tena: tafuta sababu.

Kutetemeshwa na shawa

Ukigusa koki ya shawa na kuhisi mtetemo kidoleni, hata mdogo, acha kuoga, zima hita kwenye sakiti breka na umwite fundi. Usiite “umeme mdogo”. Mwili uliolowa, umesimama kwenye sakafu iliyolowa, hauna kinga.

Majengo ya zamani yana mtego wake hapa. Zamani mafundi waliunga waya wa ethi kwenye bomba la chuma la maji, kwa kuwa bomba hilo liliingia ardhini. Miaka ikapita, kipande cha bomba kikaoza, fundi bomba akaweka cha plastiki. Maji yakapita vizuri, lakini ethi ya nyumba nzima ikakatwa bila mtu kujua. Siku koili inapopasuka, umeme unabaki ndani ya maji na mabomba ukingoja mkono wa mtu.

Kwa hiyo kabla ya taima, kabla ya themostati mpya, fundi aipime ethi kwa kifaa chake, asiiangalie kwa macho tu, na aweke breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30 yenye kitufe cha kujaribia. Hita ya kilowati 3 iwe na njia yake yenyewe ya waya wa milimita 2.5 za mraba au zaidi, na swichi inayokata nyaya zote mbili. Zile shawa zinazopasha maji papo hapo zinavuta ampea 20 na zaidi, na hazifai kuungwa kwenye nyaya za taa za nyumba ya mwaka 1960, hata kama zimeuzwa kwa bei nafuu. Fundi awe na leseni. Tanzania inatolewa na EWURA, Kenya na EPRA, na una haki ya kuomba uione.

Jua na kuni

Hita ya jua yenye koili ya kusaidia ina kosa moja linalojirudia. Koili inawashwa usiku kucha, asubuhi jua linapochomoza tangi tayari lina nyuzi 60, na jua halina la kupasha. Mwenye nyumba analipa umeme akiwa na mtambo wa jua juu ya bati. Taima iruhusu koili saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku tu, siku za mawingu, na mchana wote iachie jua.

Boila ya kuni nayo inadhibitiwa, ila kwa mlango badala ya swichi. Pipa la lita 200 linahitaji nishati ya karibu uniti 10.5 kufika nyuzi 60, na kilo moja ya kuni kavu ina kama uniti 4. Kilo tatu zingetosha kama moto wote ungeingia kwenye maji, lakini pipa lililo wazi juu ya mafiga linapeleka sehemu kubwa ya moto angani. Lizungushie ukuta wa tofali na udongo, uache njia nyembamba ya moshi kuzunguka pipa, weka mlango wa chuma mbele na kibati cha kufungia bomba la moshi. Moto ukishashika, punguza hewa. Kuni zikauke miezi kadhaa chini ya paa. Na pipa liwe na bomba la pumzi lililo wazi, kwa sababu moto wa kuni hauna themostati. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, mapema kuliko pwani, hivyo mvuke unaanza wakati mwangalizi anadhani bado.

Ukifika wakati wa kubadilisha

Kuna hita ambayo haiponi. Inayotoa ngurumo kama sufuria ya ugali ina ukoko wa chokaa juu ya koili. Hiyo inaweza kufunguliwa, ikasafishwa na kuwekwa koili mpya. Ukifungua, uliza pia ile fimbo ya madini inayoliwa na kutu kwa niaba ya tangi, kama imebaki. Ikiwa umebaki waya mtupu, weka nyingine. Lakini tangi linalolia machozi kupitia mwilini mwake, si kwenye maungio, limeoza kwa ndani. Halichomelewi. Zima umeme, funga maji, toa maji yote, na unaponunua jingine nenda na vipimo vyako vya usiku na idadi ya watu wanaooga, ili muuzaji asikuuzie lita 150 pale zinapotosha 50.